Mafunzo ya wahudumu wa VVU ngazi ya jamii, Moshi: darasa zuri, usimamizi hafifu

Kwa upande wa darasa, mafunzo haya yanayoendeshwa na shirika moja lisilo la kiserikali hapa Moshi ninayapa alama za juu. Mkufunzi hakutusomea slaidi tu; alitugawia vipimo vya kujipima VVU kwa majimaji ya kinywani, akamsimamia kila mmoja apanguse fizi za juu na za chini, asubiri dakika 20, kisha amweleze mwenzake kwamba majibu yakionyesha VVU ni ya awali na ni lazima yathibitishwe kituoni. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2019, ikaruhusu kujipima na kushusha umri wa kuridhia mwenyewe kupimwa VVU hadi miaka 15, ilifafanuliwa vizuri, ingawa dawa kinga, yaani za kumkinga mtu asiambukizwe VVU, zilipitiwa harakaharaka mno.

Tatizo huanza baada ya cheti. Nauli ya kuwafuatilia wateja walioacha dawa za VVU huko Kibosho, ambako bodaboda hupandisha bei mvua ikinyesha, hucheleweshwa, na msimamizi hupokea ripoti bila kurudisha neno. Mhudumu aliyetukanwa mlangoni hana wa kumweleza. Kabla ya kujiandikisha, ulizia kwa maandishi nani atakusimamia na posho italipwa lini.