CMA kwa aliyebadilishiwa kazi: huduma ni bure, ila fomu haisamehi

Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wafanyakazi wengi nchini Tanzania huiita CMA, haitozi ada ya kufungua mgogoro wala haikulazimishi kuja na wakili. Kwa mhasibu aliyehamishiwa stoo bila kuulizwa, hilo peke yake ni la kusifiwa.

Ugumu uko kwenye fomu namba 1, pale unapochagua aina ya mgogoro. Kama bado uko kazini, unachopinga ni mabadiliko yenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ashauriane nawe anapobadili maelezo ya ajira yako, kisha akujulishe kwa maandishi. Mgogoro wa namna hii una siku 60 za kuufungua. Ukishajiuzulu kwa sababu mwajiri ameifanya kazi isivumilike, sheria inakuhesabu kuwa umeachishwa, na muda unashuka hadi siku 30. Hapo jaza pia sehemu B, ile ya migogoro ya kuachishwa kazi; wengi huiacha tupu, na wakili wa mwajiri huanzia hapohapo. Aliyechelewa anaomba kuongezewa muda kwa fomu namba 2, na visingizio vyepesi havipiti. Aliyefanya kazi chini ya miezi 6 hana dai la kuachishwa isivyo haki.

Nakala ya fomu mfikishie mwajiri, asaini kupokea, uambatishe uthibitisho huo.

Usuluhishi ndio sehemu tunayoipenda zaidi: una siku 30, na mengi yanaweza kumalizwa mezani. Usikose tarehe, maana mlalamikaji asipofika shauri linaweza kufutwa.

Usuluhishi ukishindikana, hatua ya uamuzi ni ngumu zaidi. Kwa kawaida mwajiri ndiye huthibitisha kwamba alimwachisha mtu kihalali. Ukiwa umejiuzulu, unaanza wewe, kuonyesha kuwa ulilazimika kuondoka. Mwamuzi atataka kujua kama ulilalamika ndani ya ofisi kwanza. Barua ya kujiuzulu yenye shukrani tupu inaua madai yako mwenyewe, na inasikitisha sana kuona dai la kweli likifia hapo. Kwa hiyo kabla ya kuondoka peleka malalamiko kwa maandishi, baki na nakala yenye muhuri wa mapokezi, upe ofisi nafasi ya kujibu. Barua ya kujiuzulu nayo itaje kilichobadilishwa, tarehe yake, na kwamba ulikipinga.

Asiyeridhika na tuzo, yaani uamuzi anaoutoa mwamuzi, ana wiki 6 kuiomba Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, iipitie.