Shule ya Maimonides, Brookline: huduma inayojaza mtaa mzima

Anayeipima shule ya kutwa ya Kiyahudi kwa matokeo ya mitihani peke yake huacha nje sehemu kubwa ya kazi yake. Shule ya Maimonides ilianzishwa Boston, Marekani, mwaka 1937 na Rabi Joseph B. Soloveitchik na mkewe Tonya, miaka michache baada ya wao kuwasili kutoka Ulaya, na baadaye ikahamia Brookline, mji jirani na Boston. Wakati huo watoto wengi wa Kiyahudi walisoma shule za serikali, kisha wakafundishwa dini jioni wakiwa wamechoka. Hapa Talmudi, yaani mkusanyo wa sheria na mijadala ya marabi wa kale, na hisabati viliwekwa chini ya paa moja, na wasichana wakasomeshwa Talmudi pamoja na wavulana, jambo lililokuwa nadra sana miongoni mwa Waorthodoksi, yaani Wayahudi wanaoshika sheria za dini yao kikamilifu, nami nalihesabu kuwa ndiyo sifa yake kuu.

Faida kwa jamii huonekana nje ya darasa. Myahudi anayeshika Sabato haendeshi gari siku hiyo, kwa hiyo hulazimika kuishi mahali ambapo sinagogi hufikika kwa miguu. Wanandoa vijana huweza kuvumilia mji usio na shule mpaka mtoto wa kwanza afikie umri wa chekechea. Hapo ndipo hufungasha mizigo. Shule ikiwapo hubaki, na wengine huwafuata, na kila familia inayohamia jirani humwongezea mteja muuza nyama ya kosher, yaani iliyo halali kwa sheria za Kiyahudi, tena huongeza wanaume wa kutimiza wale 10 ambao Waorthodoksi huwahitaji kwa sala ya pamoja. Walimu nao huja na familia zao, na aghalabu huwafundisha watu wazima baada ya saa za kazi.

Kasoro kubwa ya shule za aina hii ni ada. Ni shule binafsi, na mzazi mwenye watoto wanne au watano huelemewa hata kama kipato chake ni kizuri. Misaada ya ada hutolewa, lakini mwombaji hutakiwa kueleza mapato yake, na katika jamii ndogo anayepitia fomu hiyo huenda akawa jirani yake wa sinagogi. Kwa familia inayotaka Torati na sayansi kwa uzito uleule, naipendekeza Maimonides bila kusita. Anayefikiria kuanzisha ya namna hii kwingine atafute kwanza mfuko wa ada, jengo lije baadaye.