Kuchomelea kizuia mwali kwenye mtutu wa inchi 14.5: uzoefu wangu na fundi wa hapa Texas

Naandikia hasa wenzangu tunaoishi Marekani kwa grinikadi na kumiliki bunduki kihalali. Raia akitiwa hatiani kwa kosa la silaha anatumikia adhabu yake na kubaki nchini. Sisi tukishatumikia, tunaweza kufukuzwa nchini. Ndiyo maana huduma hii naipima kwanza kwa sheria, urembo baadaye.

Sheria yenyewe ni ya mwaka 1934. Raifo yenye mtutu usiofika inchi 16, au isiyofika inchi 26 kwa urefu wote, lazima isajiliwe ATF, idara ya serikali kuu inayosimamia silaha. Ukiwa nayo bila usajili, kifungo kinaweza kufika miaka 10. Zamani kiwango cha mtutu kilikuwa inchi 18, kikashushwa mwaka 1960. Mimi nilitaka mtutu wa inchi 14.5, urefu ule ule wa M4, bunduki ya jeshi la Marekani, kwa sababu nawinda nguruwe mwitu vichakani na bunduki ndefu inakwama kila mahali. Inchi moja na nusu inayopungua inaruhusiwa kuzibwa na kifaa cha mdomo wa mtutu, kama kizuia mwali kinachopunguza mwako wa moto wakati wa kufyatua, sharti kifungwe kisitoke tena. Kukikaza kwa spana hakutoshi, ukikaze utakavyo.

ATF inakubali njia tatu: kuchomelea kiungo chote kwa gesi au umeme, kulehemu kwa madini ya fedha kwenye joto la nyuzi 1,100 za Farenhaiti, yaani kama 593 za Selsiasi, au kutoboa kifaa, kuzamisha pini ya kukishika kwenye mtutu na kuchomelea juu ya kichwa chake. Fundi wangu anatumia hii ya tatu.

Nilimpelekea mtutu peke yake, haujafungwa kwenye bunduki yoyote. Kabla hajashika drili alipima kila kitu, akanieleza kwamba kizuia mwali hakiongezi urefu wake wote, maana sehemu yake ya nyuma inameza hesi za mtutu. Kuna watu hununua kifaa cha inchi moja na nusu wakidhani hesabu imetimia! Akaniuliza pia kama bloku ya gesi (kipande cha juu ya mtutu kinachochota gesi ya risasi ili bunduki ijipakie) na kishikio cha mbele nilivyochagua ndivyo ninavyovitaka kweli, kwa sababu pini ikishachomelewa haviwezi kuvuliwa tena kwa kupitia mbele. Swali hilo peke yake lilistahili pesa yangu.

Kazi ilipoisha na mtutu kufungwa kwenye bunduki, alipima mbele yangu. Chemba haina risasi, bolti, yaani kipande kinachoziba nyuma ya mtutu, imefungwa, akaingiza kijiti cha mbao mdomoni hadi kikagota kwenye bolti, akatia alama pale kizuia mwali kinapoishia, akakitoa na kukipima: inchi 16.1. ATF nao hupima hivyo hivyo.

Lawama ninazo. Rangi aliyopulizia juu ya weldi ilibabuka mara tu mtutu ulipopata moto, likabaki doa la kijivu. Bei kamili niliijua siku ya kuchukua mzigo, na hilo halikunipendeza hata kidogo. Risiti nayo ilikuwa tupu mpaka nilipomwomba aandike urefu na njia aliyotumia. Sheria haidai karatasi hiyo, lakini mgeni mwenye bunduki anaihitaji.

Wengine wanasema tangu Januari 2026, kodi ya dola 200 ya kutengeneza au kununua raifo fupi, zile za kusajiliwa, ilipofutwa, hakuna haja ya kuchomelea. Sikubaliani nao. Kusajili bado kunataka alama za vidole na picha, na raifo fupi haivuki mpaka wa jimbo bila kibali cha ATF. Yangu naiweka kwenye gari na kwenda kuwinda Oklahoma kama raifo nyingine yoyote. Aliye California aulize kwanza, maana kule kizuia mwali chenyewe kinaweza kuifanya bunduki iwe haramu.

Nampa nyota nne. Mtutu wa pili nitampelekea yeye yule, ila bei tutapatana kabla hajashika drili.