Mafunzo ya sheria ya uhamiaji wa kifamilia Marekani: uzoefu wangu Nairobi

Nafanya kazi katika ofisi ndogo ya mawakili katikati ya jiji. Kila mara huja mzazi au mke mwenye jamaa Marekani, anataka kujua atamfuata lini. Ndiyo maana nililipia mafunzo haya ya wikendi Upper Hill. Ada ni kubwa, lakini ningelipa tena.

Mkufunzi, wakili mwenye leseni ya kule, alianza na jambo linalowachanganya wateja wengi. Mume au mke wa raia, na mtoto wake aliye chini ya miaka 21 ambaye hajaoa wala kuolewa, hawana foleni ya kila mwaka. Ndugu wa raia wanayo: wametengewa nafasi 65,000 kwa mwaka, dunia nzima. Ukilijua hilo, hutamwahidi mteja kwamba dada yake atamchukua mwakani.

Kilichonifaa kuliko vyote ni hesabu ya umri. Aliandika ubaoni: mtoto wa mama mwenye ukaazi wa kudumu ana miaka 21 na miezi 7 siku nafasi ya viza inapopatikana. Tukasema huyo ameshapita umri wa kuhesabiwa mtoto, yaani chini ya miaka 21. Akatoa miezi 10 ambayo ombi la mama la kumleta mtoto, yaani fomu I-130, lilikaa likisubiri kuidhinishwa. Ikabaki miaka 20 na miezi 9. Kwa sheria ya mwaka 2002 ya kulinda hadhi ya watoto, huyo bado ni mtoto, mradi hajaoa na achukue hatua ya kuomba ukaazi ndani ya mwaka mmoja. Ni familia ngapi zimekata tamaa kwa sababu hakuna aliyeketi nazo akapiga hesabu hiyo!

Suala la watoto wa kambo nalo lilinigusa. Raia wa Marekani akioa mama mwenye mtoto hapa kwetu, ombi la mama halimbebi mtoto. Mtoto anahitaji ombi lake mwenyewe, na ndoa iwe imefungwa kabla hajatimiza miaka 18.

Palipopwaya ni kwenye stakabadhi za Kenya. Ndoa za kimila, ambazo Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka zisajiliwe, ziliguswa juu juu tu. Sisi wanafunzi ndio tuliokuwa tukielezana. Kwa wateja wetu hilo ni jambo zito, kwani walio wengi walilipa mahari, wakaishi pamoja na hawana cheti. Waandaaji wamwalike wakili wa hapa aliyebobea katika ndoa.

Muelewe pia kwamba cheti cha mafunzo hakikupi ruhusa ya kumwakilisha mteja mbele ya idara ya uhamiaji ya Marekani. Kinakusaidia kupanga faili na kujua wakati wa kumtafutia wakili wa kule.

Ukienda, beba kesi moja halisi, majina yakiwa yamefutwa. Kipindi cha mwisho huwa cha maswali, na mkufunzi hujibu tarehe kwa tarehe.