Vyambo vinne vya besi nilivyovijaribu Naivasha, na kile nilichokuwa nimekitupa

Haya, taa nyekundu inawaka, sauti ipo. Karibuni.

Leo mnaniona mezani hapa Nakuru mjini, si ziwani, kwa sababu upepo wa Naivasha ukishaamka mchana haumwachii mtu maikrofoni. Nilijaribu wiki jana, nikarudi na nusu saa ya kelele tupu. Mbele yangu kuna vyambo bandia vinne vya kuvulia besi. Vyote nimenunua kwa pesa yangu, hakuna duka lililonitumia kitu, kwa hiyo nikisema hiki ni takataka, jueni ni takataka yangu mwenyewe.

Kwa mgeni, neno moja. Besi ni samaki, na tunayemzungumzia ni yule wa mdomo mkubwa, kijani cha kukolea, ana mstari mweusi ubavuni. Ukimfunga mdomo utaona taya limepita nyuma ya jicho. Huyu si mwenyeji wetu. Aliletwa Naivasha kutoka Marekani mwaka 1929, watu wapate samaki wa kuvua kwa burudani. Halafu mwaka 1970 akaletwa kreifishi, yule mdudu wa majini mwekundu anayefanana na kamba, mwenye magando kama ya kaa, asili yake Louisiana, hukohuko Marekani. Mshikeni huyo kreifishi kichwani, nitamrudia.

Na niseme ukweli wangu mapema. Mimi nimekulia upande wa Kisumu, na sisi wa huko samaki wa chambo bandia tunayemjua ni mbuta. Mbuta unafunga chambo kikubwa nyuma ya boti, injini inavuta, wewe umekaa unakula njugu. Samaki akikamata, amekamata, huulizwi. Nilipohamia huku nikaja na mkono uleule wa kuvuta tu. Miaka miwili besi alinifanya mjinga. Kwa hiyo ninapotaja kosa, usifikiri nakusema wewe.

Tuanze na hiki cha kupendeza macho, maana ndicho kila mtu hununua kwanza. Hiki ni chambo cha kuzama, samaki wa plastiki ngumu, ndoano mbili za pembe tatu, na hapa mdomoni ana ulimi wa plastiki angavu. Huo ulimi ndio unaompeleka chini. Ulimi mrefu na ulionyooka mbele, anazama sana. Mfupi na uliosimama, anabaki juu juu. Pakiti iliandikwa mita nne. Mita nne ni kama umerusha mbali na uzi wako ni mwembamba. Uzi mnene unasukumana na maji, unakipandisha. Mimi nilikuwa na uzi mnene, wa kuhimili ratili ishirini, narusha karibu kama mtu anayerushia kuku mahindi, halafu nalaumu mtengenezaji.

Kosa la pili: kikigonga mti, mkono unashtuka unavuta zaidi. Na Naivasha sasa imejaa miti majini. Tangu maji yapande ile 2020, ile migunga ya ufukweni iliyofia majini bado imesimama mikavu, na chini kuna nyaya za ua ambazo hakuna anayezijua. Kikigonga, acha. Acha kabisa kukunja uzi, hesabu mbili. Chambo hiki huzama kikivutwa tu, ukiacha kinaelea, kitarudi nyuma chenyewe kiachane na tawi, na mara nyingi besi anakamata hapohapo, wakati kinapoinuka. Nimeona kwa macho yangu mara tatu. Mara nyingine zote kilinasa na nikakata uzi. Hiki mnachokiona ni cha nne. Vitatu viko ziwani, viko salama.

Na pembe tatu ni pembe tatu. Samaki alijitupa nikiwa nimemshika vibaya, ndoano moja ikaingia hapa kwenye dole gumba hadi ule mwiba wake. Mzee wa boti hakusema pole. Alikata kipande cha uzi, akakizungusha kwenye mpindo wa ndoano, akabonyeza shina la ndoano kuelekea kwenye ngozi kwa kidole, akaniambia nitazame viboko upande ule. Nikatazama. Akavuta ghafla, ikatoka. Viboko hawakuwepo.

Kwa hiyo chambo cha kuzama: ni kizuri, si kibaya, lakini kwa Naivasha ya leo, yenye miti na nyaya, ni pesa inayozama pia. Ukitaka, tumia mahali maji yana kina na chini ni pasafi, kama pale upande wa Crescent Island ambako ndiko ziwa lina kina kirefu kuliko kwingine.

Cha pili ni chura wa mpira. Huyu ni wa juu ya maji, anatembea juu ya gugumaji na majani, pale ambapo hakuna kitu kingine kinapita bila kunasa. Ndoano zake mbili zimelala mgongoni, zimebana mwili. Sasa sogeza macho hapa. Nambonyeza huyu wa kwanza... mnaona? Mwili unalala kama puto, ndoano zinatokeza wazi. Hewa inatoka chwii. Huyu mwingine, niliyemnunua kwenye mtandao kwa nusu bei... nabonyeza... nabonyeza kwa vidole vyote viwili... hakuna. Mpira mgumu kama soli ya kiatu. Samaki atamuuma, atamtafuna, atamtema, na ndoano haijamgusa. Kama unanunua dukani, mwombe muuzaji umbonyeze kwanza. Akikataa, toka.

Lakini hata chura mzuri anawashinda wengi, na kosa ni moja: furaha. Besi anapolipua maji chini ya chura, moyo unaruka na mkono unaruka nao. Unavuta chura kutoka mdomoni mwake kabla hajafunga. Nimefanya hivyo mara nyingi, sina hata aibu ya kuhesabu. Dawa ni kutotumia macho. Ukisikia mlipuko, nyamaza. Shusha ncha ya fimbo, kunja uzi uliolegea, ukisikia uzito upande wa pili ndipo uvute, na uvute kama umekasirika, kwa sababu unamtoa samaki pamoja na kilo mbili za majani. Uzi wa nailoni wa kawaida hapa haufai, unavutika kama raba. Tumia uzi wa kusokotwa, ratili hamsini kwenda juu. Na kila baada ya mirusho kadhaa mkamue chura, anakunywa maji huyu, akijaa anatembea kama mlevi.

Cha tatu nitapita haraka. Ni ule mtindo wa kufunga kipande cha risasi cha kuzamisha uzi chini kabisa na ndoano juu yake kidogo, kinyoo kidogo cha plastiki kinachezacheza hapo katikati ya maji. Ulipata umaarufu Japani, Wamarekani wakauchukua. Kwenye maji angavu na yenye kina ni hatari kwa samaki. Naivasha maji ni tope. Kuna hawa samaki wanaoitwa kapu, walionekana ziwani kwa mara ya kwanza 2001, na kazi yao ni kuchimba chini kama nguruwe, wanatibua tope. Chambo kidogo kisicho na kelele wala mtikisiko, kwenye maji kama chai ya maziwa, besi atakionaje? Nilikaa asubuhi mbili, nikapata perege mmoja aliyenaswa mkiani. Sikipi alama yoyote.

Sasa hiki cha nne. Hii ndiyo jigi, na hii ndiyo niliyoitupa chini ya kisanduku kwa miaka miwili kwa sababu haina sura. Tazama: kichwa cha risasi, ndoano moja kubwa inayotazama juu, sketi ya nyuzi za mpira, rangi ya kahawia na damu ya mzee. Mbele ya ndoano kuna kibrashi cha nywele ngumu kinachozuia kunasa. Nyuma nimechomeka magando mawili ya plastiki. Ukiitazama juu ya meza hii ni kama kifagio kilichokosa mpini.

Lakini itie kwenye beseni. Ngoja... hapa. Inatua kwa kichwa, mkia juu, sketi inafunguka taratibu, magando yanainuka. Mnaona inafanana na nani? Kreifishi akishtuka hukaa hivyohivyo, magando juu, anarudi nyuma. Na besi mkubwa wa Naivasha chakula chake kikuu ni kreifishi. Mimi nilikuwa namrushia visamaki vya rangi ya fedha vinavyometa, kumbe mwenzangu anakula kitu cha rangi ya udongo kinachotambaa chini. Ni kama kumpelekea mtu wa Kisumu pilau wakati amekuuliza ugali.

Basi kwa nini jigi inashinda watu? Kwa sababu haikupi habari. Chura anakulipulia maji, chambo cha kuzama kinatetemesha fimbo. Jigi iko kimya. Unairusha, unaiacha ishuke, na hapa ndipo kazi yote ilipo: samaki wengi huuma inaposhuka. Ukibana uzi sana, jigi inakuja kwako kwa mshazari badala ya kwenda chini. Ukiulegeza sana, huoni kitu. Mimi nafuata ikishuka kwa ncha ya fimbo, uzi umelegea kidogo tu, macho yangu yako pale uzi unapoingia majini. Uzi ukiruka upande, au ukisimama kabla ya wakati wake, samaki huyo. Vuta.

Ikifika chini, usiikunje kwa rili. Isogeze kwa fimbo, shubiri moja, kisha itulie. Kunja ule uzi uliobaki, shubiri nyingine, tulia. Mzee wa boti aliniambia, "Kijana, kwani huyo kreifishi wako anawahi matatu?" Nilikuwa nimemaliza mrusho wangu kwa sekunde kumi na tano. Siku hiyo alinilazimisha nipumue mara tatu kila baada ya kusogeza. Kwa mrusho wa nne au wa tano hivi, nikasikia kama jani limekaa juu ya jigi. Si kugongwa, uzito tu, wa uvivu. Nikasema hayo ni magugu. Akasema, "Magugu hayaogelei." Uzi ulikuwa unakwenda taratibu upande wa mafunjo.

Yule alikuwa na kilo mbili na nusu. Nilimshika taya la chini kwa dole gumba, meno yake ni kama msasa, hayakati, na mkono mwingine nikambeba tumbo, maana ukimning'iniza mzito hivyo kwa taya tu unamvunja. Kooni alikuwa na gando la kreifishi limetokeza. Jekundu. Nikalitazama, nikaitazama jigi.

Ina kasoro, sikatai. Kibrashi hiki kwenye hizi za bei ya chini ni kigumu mno, samaki akiuma kinaizuia ndoano isimguse. Chukua kikata kucha, kata hivi... theluthi moja, kisha tenganisha nywele zilizobaki ziwe kama herufi V. Na jaribu ncha ya ndoano juu ya ukucha: ikiteleza ni butu, ikikwama iko tayari. Kati ya tano nilizonunua, mbili ziliteleza. Nikazinoa, zikafaa. Uzito, gramu kumi inatosha kwa sehemu nyingi. Ukienda nzito zaidi, inajizika kwenye tope.

Kwa hiyo ukiwa na pesa ya kitu kimoja, nunua jigi mbili za kahawia na pakiti ya magando. Ukibakiwa na kitu, ongeza chura, yule anayebonyezeka. Na kata leseni ya kuvua kabla hujapanda boti, iulizie ofisi ya uvuvi. Asubuhi nenda mapema upepo haujaanza, na umsikilize mwenye boti akikuambia usisogelee yale mafunjo. Viboko wa siku ile hawakuwepo, lakini wako.

Huyu chura wa soli ya kiatu nilitaka kumtupa, ila mtoto wangu amemwomba. Nimemtoa ndoano zote mbili, sasa anaishi bafuni.