Mondo Chini ya Mwembe: Inafaa kwa Nyumba za Tanga?

Assalaam aleikum watazamaji wangu, karibuni. Niko Raskazone, Tanga, na leo naichambua mondo, mmea wa kufunika ardhi, ile mnayoiona kwenye viriba kwa wauza miche kando ya barabara. Mnaoniuliza kila mara kwa nini ukoka wenu unakufa kivulini, hii ni yenu.

Sogeeni mwone. Jani jembamba, kijani kilichokolea, limeinama lenyewe. Wengi huiita nyasi, lakini si nyasi. Ni ya familia moja na mkonge, huu mkonge wetu alioingiza Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, mwaka 1893! Asili yake ni China, Japani na Korea, na huko huota chini ya miti, ndiyo maana hapa chini ya mwembe imetulia, kijani mwaka mzima.

Sasa nachana kiriba. Mnaviona hivi vivimbe vyeupe mizizini, kama shanga? Humu ndimo inamoweka akiba yake, kwa hiyo jua la Januari na Februari halitaiua upesi. Na hapa ndipo mnapookoa pesa: msinunue viriba vya kujaza eneo lote. Shikeni shina, mlipasue kwa mikono hivi, taratibu, kila kipande kibaki na machipukizi matatu manne pamoja na mizizi yake. Kiriba kilichoshiba kinatoa vipande vitano, hata zaidi. Pandeni kwa nafasi ya sentimita 10 hadi 15, mchanganye samadi iliyooza, na msubiri masika yaanze, mvua iwamwagilie.

Udhaifu wake mkubwa ni kwamba inakua polepole mno. Kufunika eneo lote inaweza kuchukua miaka miwili, na muda wote huo mnapalilia kwa mkono. Mwenye harusi mwezi ujao, hii haitamfaa. Haipendi kukanyagwa, basi njia ya bombani wekeni mawe. Na kuku jamani! Wakipekua kabla mizizi haijashika, wanang'oa zote. Tandazeni matawi ya miiba juu yake. Majani ya mwembe yakidondoka, fagieni kwa chelewa, maana reki ya chuma inaichubua.

Palipo na jua kali msiiweke, ncha zinaungua. Huko pandeni nyasi za Pemba.

Kuna muuzaji atakayekupa wedelia, ile yenye maua ya njano, akikwambia inatambaa haraka. Ni kweli inatambaa, mpaka kwa jirani, mpaka mtoni. Imo kwenye orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani. Mimi siipandi, na nakuomba nawe usiipande.

Kwa kivuli kizito, mondo naipa tisa kwa kumi. Moja nimekata kwa sababu ya kasi yake. Andikeni hapo chini uani kwenu kuna mti gani na jua linaingia saa ngapi, nami nitamjibu kila mmoja.