Ekstensheni ya 9,000 na ya 38,000, nimetumia zote mbili

Jamani kama unaenda Kariakoo kununua ekstensheni ngoja kwanza nikwambie yaliyonikuta. Mwaka jana nilichukua moja ya 9,000, kwa macho nzuri kweli, nyeupe, matundu sita, kila tundu na swichi yake ya taa nyekundu, nikaona hapa nimeokota. Wiki ya pili hivi mke wangu anapiga pasi sare za watoto huku jagi la umeme linachemsha maji kwenye ekstensheni hiyohiyo, mi niko chumbani nasikia harufu ya plastiki, kwenda kushika waya wa moto kama kikombe cha chai, na plagi imeshaanza kuwa kahawia pembeni ya pini moja. Nikazima ukutani fasta.

Nikachukua bisibisi nikaifungua. Aisee! Waya kwa nje mnene kumbe mpira mtupu, ndani vinyuzi vichache kama nywele, nikasogeza sumaku ya spika mbovu vikanasa, na shaba hainaswi na sumaku, kwa hiyo kile ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba tu. Matundu ya ethi (waya wa usalama unaopeleka umeme uliovuja ardhini) yapo yote sita ila hakuna waya uliofika pale, yaani pasi ikipiga shoti kwenye bodi umeme unapita kwako. Fyuzi nayo hamna, wameweka kipande cha bati!!

Hii ya sasa nina miezi saba nayo, nilitoa 38,000. Matundu matatu tu. Waya umeandikwa 3x1.5 mm², yaani ndani nyaya tatu, kila mmoja unene wa 1.5 mm², na muuzaji alikubali kufungua plagi palepale dukani nikaona fyuzi ya ampia 13 na nyaya tatu zimekazwa vizuri, akikataa kufungua mi naondoka. Tumepiga pasi saa nzima waya baridi kabisa. Ubaya wake ni mfupi, mita mbili tu, na swichi ngumu, mama yangu hadi abonyeze kwa vidole gumba viwili.

Ila hata hii usiionee. Matundu hata yawe kumi yote yanapita kwenye plagi moja ya ampia 13, kwa umeme wetu wa volti 230 hiyo ni kama wati 3,000 basi. Jagi langu 2,200, pasi 1,200, tayari nimezidisha, na fyuzi haikatiki palepale kwa kuzidi kidogo hivyo, inavumilia huku waya unapata moto. Ndo maana jagi sasa hivi lina soketi yake ukutani. Na ukiiwekea mzigo mkubwa usiiache imeviringishwa, joto linajikusanya humohumo.

Ile ya 9,000 niliikata plagi kabla ya kuitupa, maana ningeitupa nzima kuna mtu angeiokota akaichomeka kwake.